Pointi Tatu za Ndoo

Mwalimu wa somo la Miundo chuoni alikuwa ameapa kwamba hakuna mwanafunzi atakayesinzia tena kwenye somo lake, na kwa wiki sita hakuna aliyesinzia. Nani asinzie kwenye makelele yale? Kila Ijumaa saa mbili asubuhi maabara ilijaa vijiti vya aiskrimu na harufu ya gundi. Kila timu ilijenga daraja kati ya meza mbili, ikalining'inizia ndoo ya chuma, kisha ikamimina mchanga kidogo kidogo mpaka daraja lisalimu amri. Ushindi haukuwa wa daraja gumu kuliko yote. Ulikuwa wa timu iliyokokotoa vizuri na kutangaza mapema daraja lake litavunjika kwa kilo ngapi za mchanga.

Juu ya ubao, kwa chaki nyekundu, Mwalimu alikuwa ameandika kanuni moja: anayekamata kosa la hesabu anapata pointi tatu, liwe kosa la yeyote yule.

Aliyechelewa alipewa adhabu ya kubeba ndoo kutoka stoo. Binti wa benchi la nyuma aliyeitwa Kimya, aliyekuwa akirudia somo hili kwa mara ya pili, alichelewa kila wiki kwa sababu ya kumpeleka mdogo wake shule. Ndoo ikawa kama yake.

Ijumaa ya saba aliingia Profesa, mkuu wa idara, koti limefungwa vifungo vyote. Ndiye aliyemfundisha Mwalimu enzi zile, kwa notisi ambazo mpaka leo hakuna aliyethubutu kuzibadilisha hata nukta.

"Mwanangu," alisema akitazama vijiti, "hiki ni chuo kikuu au chekechea?"

"Karibu Profesa. Kaa uone mwenyewe."

"Nina saa moja. Nisipoona uhandisi humu, Jumatatu unarudi kwenye notisi zangu, na hivi vijiti uwapelekee watoto wa dada yako."

Mwalimu alicheka kwa wasiwasi. Alikumbuka nyuso za mwaka jana, macho mazito kama ya samaki wa juzi, na hakutaka kuyaona tena maishani.

Profesa alikaa dakika kumi. Ya kumi na moja alisogeza kiti. Ya kumi na tano alikuwa ameinama juu ya daraja la timu ya dirishani, rula mkononi, kalamu imeshatoka mfukoni. Mtu na kazi yake bwana, utamficha wapi?

"Mmekosea hapa," aliwaambia. "Litavunjika kwa kilo kumi na mbili za mchanga. Niandikeni ubaoni."

Wakamwandika. Ndipo sauti ndogo ikatoka nyuma.

"Samahani, Profesa. Umesahau ndoo."

Maabara nzima iligeuka. Kimya mwenyewe alionekana kushangaa kwamba ni yeye aliyesema.

"Ndoo gani?"

"Hii. Nayo inaning'inia. Nimeibeba wiki sita, mkono wangu unaijua. Ni kama kilo moja na nusu. Mchanga hautazidi kumi na nusu."

Profesa aliwasogezea mchanga. "Mimineni," alisema.

Wakamimina. Kilo tisa, daraja likalia. Kilo kumi, likapinda. Walipoongeza nusu kilo, kah! Vijiti vikaruka, ndoo ikagonga sakafu. Wote walimtazama Mwalimu, kisha wakatazama ile chaki nyekundu.

Mwalimu aliogopa, tusidanganyane. Kumpa Kimya pointi ni kumwaibisha mzee mbele ya watoto, na mzee ndiye mwenye kalamu ya mwisho. Kumnyima ni kuufuta mchezo kwa mkono wake mwenyewe, kabla hata Jumatatu haijafika. Liwalo na liwe. Alishika chaki na kuandika: Kimya, tatu.

Aliandika haraka haraka hadi ile tatu ikafanana na nane.

"Hiyo ni tatu au nane?" aliuliza Profesa.

"Tatu, Profesa."

"Iandike vizuri basi. Asiyekubali kushindwa si mshindani." Alianza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Haya, mimi niko timu gani?"

Kelele zilizolipuka hapo zilimtoa mlinzi getini akaja kuuliza kulikoni.

Jumatatu Mwalimu aliwahi, moyo juu juu bado, maana mzee alikuwa ameondoka bila kusema neno lolote kuhusu notisi. Alikuta mlango wa maabara uko wazi. Ndani, Profesa alikuwa amechuchumaa mbele ya mizani, mikono ya shati imekunjwa, na juu ya mizani ilikaa ndoo, tupu.

"Kilo moja na gramu mia nne na themanini," alisema bila kugeuka. "Nimeiandika kwenye notisi. Ijumaa anzeni saa tatu, yule binti awahi kufika. Ndoo nitaibeba mimi."