Jogoo wa Nadhiri

Tangu azaliwe, Vicky hakuwa mtu wa kupaza sauti. Sasa mtu wa namna hiyo akauze ndoo za plastiki Kariakoo, mahali ambapo hata muuza sindano ananadi kama nyumba inaungua! Wiki ya kwanza aliuza ndoo moja tu, tena kwa mtu aliyekuwa anaulizia njia ya Mnazi Mmoja.

Kilichomwokoa ni jogoo wake, mwekundu, shingo ya dhahabu, jina lake Meneja. Alikuwa akipanda juu ya ndoo, anajivuta, anawika mpaka wapagazi wanasimama na mizigo kichwani. Watu wakija kumshangaa, Vicky ananong'ona bei. Biashara ikachangamka.

Ndipo mama yake akapata mtoto wa jicho. Siku ya upasuaji, Vicky alijifungia kwenye choo cha hospitali akapiga goti. "Mungu wangu, mama akiona, Meneja ni wako."

Mama akaona. Akaona mpaka vumbi la juu ya kabati.

Ikaja Jumapili ya mavuno, siku ambayo kila mmoja hupeleka kanisani alichonacho, ndizi, mahindi, kuku, na baada ya ibada vitu vyote hunadiwa uwanjani. Vicky alipeleka kuku. Tetea wa kununua Ijumaa, jicho moja limeziba, mguu mmoja anauburuta. "Kuku ni kuku," alijiambia. "Mungu hana shida ya kuwikiwa."

Siku hiyo mama aliombwa asome neno, kwa shukrani ya macho yake. Akasoma kwa madaha jinsi nabii alivyowasuta Waisraeli: wana wanyama wazima zizini, wanamletea Mungu kipofu na kilema! Hapo akainua kichwa. Macho mapya yakamwangalia tetea pale madhabahuni, kisha yakamwangalia binti yake. Vicky akaanza kusoma kitabu cha nyimbo, amekishika juu chini.

Nje, mama akamvuta kando. "Yule kuku anayekonyeza ni wa nani?"

"Wangu, mama."

"Na Meneja?"

"Mama, Meneja ndiye mdomo wangu! Nikimtoa nitauzaje?"

"Una shingo ngumu kuliko wale wa kwenye somo! Unakimbia nyumbani Msimbazi kumchukua, au nikimbie mimi na viatu hivi?"

Vicky alikimbia. Alirudi anahema, Meneja kwapani, mnada umepamba moto. Mzee Elimringi, mnadi wa kanisa, akamwinua Meneja juu, jogoo akawika, uwanja ukashangilia. Akashinda Theophil, muuza mabati. Kwa desturi yao, aliyeshinda anaweza kumpa amtakaye.

"Nampa mama aliyetusomea!"

"Asante, baba," mama akajibu. "Namrudisha kwa Bwana. Mnada uendelee!"

Watu wakacheka. Akashinda Blandina wa kwaya, akampa mchungaji. Mchungaji, naye hakutaka kuonekana mdogo, akamrudisha. Sasa watu walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko, na Meneja anawika kila akibadilishwa mikono. Mara ya tatu alishinda Mzee Elimringi mwenyewe. Akamwona Vicky anafuta machozi.

"Huyu nampa binti mwenye jogoo."

Meneja akarudi kifuani pa Vicky, wa moto, anamjua. Nadhiri ilikuwa imeshatimia, nani angemlaumu? Alimtafuta mama kwa macho. Mama alikuwa anachagua mahindi kana kwamba hamjui.

"Namru..." Vicky akanong'ona.

"Hatusikii, binti!"

Akafumba macho. "NAMRUDISHA! MNADA UENDELEE!"

Sauti ile! Tetea alidondoka kutoka meza ya mnada. Mchungaji alishika miwani yake. Hata Meneja aliduwaa, mdomo wazi, asiwike. Vicky mwenyewe aligeuka nyuma kuona ni nani aliyepiga kelele, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Theophil alishinda tena, na safari hii akaondoka na Meneja, akafugwe kwenye uwanja mpana. Jumatatu, wapagazi wa Kariakoo walisimama tena na mizigo kichwani. Juu ya ndoo palikuwa na binti, mikono kiunoni: "Ndoo, jamani! Ndoo hazivuji!" Kando ya ndoo tetea, aliyenunuliwa na mama kwa huruma, alikuwa anawakonyeza wateja.