Mbili Kati ya Kumi

Kinanda kililia gizani. Sauti sita zilezile zikapanda, zikashuka, zikakwaruza kama kuku anayetafuta punje, kisha mwanamke mwenye furaha isiyo na sababu akasema: "Simu yako ni muhimu kwetu. Wewe ni wa kumi na saba." Kinanda kikaanza upya.

Wais alikuwa amekaa kwenye ngazi, simu gotini, koti la kazini mwilini. Ilikuwa saa mbili na dakika moja asubuhi, na giza la Januari lilikuwa bado limeukalia mji wa Huddersfield. Zahanati ya mtaa ilifungua simu saa mbili kamili. Alipiga saa mbili kamili, na bado watu kumi na sita walikuwa wamemtangulia. Waingereza walikuwa wapole kwa kila jambo, isipokuwa saa mbili asubuhi.

Chumbani juu, baba yake alikuwa kimya. Kimya hicho ndicho kilichomtisha. Tangu Jumatatu jioni, alipousukuma wali wake pembeni na kusema ameshiba, mzee alikuwa amejikunja kitandani, magoti kifuani, akisema hana kitu. Leo ilikuwa Jumatano.

Aliitwa Ghausuddin, lakini soko zima la Charikar, mji wa kwao, lilimwita Khalifa, kama kule wanavyowaita mabingwa wa kazi. Miaka arobaini alichoma mkate kwenye tanuri la udongo. Wais alikuja Uingereza peke yake, akahangaika miaka minne kuwaombea wazazi wake karatasi za kuingia nchini. Za baba zilitoka. Za mama zilitoka wiki sita baada ya mazishi yake. Mzee alikuwa na miezi saba hapa, na Wais hakuwa na mwingine duniani.

"Zahanati, habari za asubuhi?"

"Baba yangu anaumwa tumbo, siku ya tatu," Wais alisema mbio mbio. "Hali chakula. Hawezi kunyoosha mguu. Nataka daktari leo."

"Nipe niongee naye mwenyewe, mpenzi. Lazima aniruhusu nizungumze na wewe."

Huku kaskazini kila mtu alikuwa mpenzi, hata mleta barua. Wais alipanda ngazi tatu tatu, akampa mzee simu. Khalifa aliinuka kwa kiwiko, uso ukimmeta jasho. Kabla ya kusema neno aliitafuta kofia yake, akaivaa, akainyoosha. Kisha akatoa Kiingereza chake chote, alichofundishwa na wazee wenzake maktabani:

"Habari za asubuhi, bibi. Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi mzima sana, asante, namshukuru Mungu."

"Jamani, mzee mwenyewe mtamu hivi!" sauti ilicheka. "Nimefurahi kusikia. Muuguzi atawapigia saa nne." Simu ikakatika.

"Baba! Umemwambia u mzima!"

"Ameniuliza hali. Mtu akikuuliza hali, unamwagia takataka zako mlangoni?"

"Yule ni mtu wa zahanati!"

"Mtu wa zahanati hakuzaliwa na mama? Kwanza salamu, halafu shukrani, halafu shida." Mzee alirudi kwenye mto taratibu, kama mtu anayelaza yai. "Hakuingoja shida. Hilo si kosa langu."

Saa nne muuguzi alipiga, na mkalimani wa kike kwenye laini, akisema Kidari, lugha ya kwao, safi kama cha redioni. Aliuliza la haja, la homa, kisha akauliza: "Kati ya moja na kumi, kumi ikiwa maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuyafikiria, yako ni ngapi?"

Khalifa alifumba macho. Aliwaza muda mrefu, kwa uaminifu, kama anayepigia kura jambo zito.

"Mbili," alisema.

Wais aliipokonya simu. "Anadanganya! Mwangalie tu—"

"Ninamsikiliza mgonjwa, bwana," muuguzi alisema, kwa upole wa mtu anayefunga mlango. Panadol mbili kila baada ya saa sita. Maji mengi. Kama hajapata nafuu, apige kesho saa mbili.

Mzee alimeza vidonge. Wais alisimama juu yake, ngumi amezikunja.

"Mbili, Baba? Mbili! Hiyo kumi unamwekea nani?"

"Usinifokee. Kumi ni ya mama yako, siku alipomzaa dada yako akiwa tayari amekufa. Tisa ni ya Sabur muuza zabibu, alipolala sokoni baada ya bomu, akitafuta miguu yake. Mimi nina tumbo. Nikisema nane, nimekwenda kukaa kwenye kiti cha nani?"

Wais alishuka kujaza glasi ya maji. Alikuwa na hasira tu, na hasira haikuwahi kumponya mtu. Kufikia saa sita mzee alianza kutetemeka. Hapo Wais alitoka bila viatu vya maana, akaugonga mlango wa jirani kwa kiganja kizima.

Brenda alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mwenye nywele za zambarau na gari dogo lenye kutu. Alipanda ngazi, akamwona mzee, na kwa mara ya kwanza hakuongea habari za mvua.

"Ana rangi ya karatasi," alisema. "Mshike huko, mpenzi. Funguo za gari ninazo."

Kwenye idara ya dharura ya hospitali ubao wa taa ulisema: muda wa kusubiri, saa sita. Viti vya plastiki vilijaa watu wenye subira ya kondoo. Ukutani palikuwa na tangazo kubwa jekundu: hatutavumilia wanaowatukana wahudumu wetu. Muuguzi mwenye nywele fupi alimpima mzee joto na mapigo ya moyo. Panadol ilikuwa imekwisha kuificha homa nusu yake. Moyo ulikimbia kidogo, alisema, lakini wazee huogopa hospitali.

"Maumivu, kati ya moja na kumi?"

Swali hilo Khalifa sasa alilijua kwa Kiingereza. Alitabasamu kwa adabu, akainua vidole viwili.

Kitu kilikatika ndani ya Wais. "Mbili yake ni uongo! Andika kumi! Nimekwambia andika kumi!" Alipiga meza, kalamu zikaruka. Kule kwao, hospitalini, asiyepiga kelele huzikwa kwa heshima. Ndugu ishirini huja, hulia, humshika daktari shati, na ndipo mgonjwa huonekana. Wais alikuwa peke yake, kwa hiyo alifoka kwa niaba ya ishirini. "Mama yangu mmemwua kwa karatasi zenu! Huyu mtamwua kwa namba!"

Muuguzi alinyoosha kidole kwenye tangazo. Mlinzi mpana kama kabati alikuja, akamshika mkono. "Twende tukapate hewa, kijana."

Nje ilinyesha mvua ya barafu. Kupitia mlango wa kioo Wais alimwona baba yake kwenye kiti, amekaa wima, wima kabisa, maana kujikunja mbele za watu ni aibu. Kila aliyepita mbele yake, daktari, mfagiaji, mtoto mwenye bandeji, mzee alijiwekea mkono kifuani na kumwinamia kidogo. Anakufa huku akisalimia, Wais aliwaza. Atakufa hivi hivi, na wote watasema alikuwa mzee mwenye adabu.

Brenda alitoka na chai ya kikombe cha karatasi. "Hapa ukipiga kelele, mpenzi, watu hawasikii maneno. Wanasikia kelele."

"Na ukinyamaza hawasikii kitu!"

"Hapo umesema kweli." Aliitazama mvua. "Mume wangu Ken walimwuliza hivyohivyo. Akasema, si mbaya sana. Wiki nzima, si mbaya sana. Nilimkuta bustanini, jembe mkononi." Alifungua mkoba, akamtolea mkate wa jibini uliofungwa kwa karatasi. "Kula. Ukizirai wewe nitawabeba wawili?"

Wais aliushika mkate ule. Ulikuwa mweupe, laini, usio na ukoko, wa aina aliyoifunga yeye mwenyewe kwenye mifuko kiwandani, saa kumi kwa siku. Siku ya kwanza alipoleta mmoja nyumbani, Khalifa aliuminya, ukarudi kama ulivyokuwa. "Hii ni sponji," mzee alisema. "Aliyeupika aliudanganya moto." Hilo ndilo lilikuwa tusi lake kubwa kuliko yote. Mtu unaweza kumdanganya, alikuwa akiwaambia vijana wa dukani, ukafa naye hajui. Moto ukiudanganya, mkate unakutangaza mbele ya mji kabla ya jua kuchomoza. Miaka arobaini aliingiza mkono mtupu kwenye mdomo wa tanuri na kusema lilivyo, na hakukosea.

Wais alimrudishia Brenda chakula chake, akamwendea mlinzi. Safari hii aliweka mkono kifuani, akaanza kwa salamu ya kwao.

"Kaka, usichoke. Nimekosa. Naomba dakika mbili na baba yangu."

Mlinzi alimpima kwa macho. "Ukipaza sauti, unalala nje."

Ndani alikwenda kwanza kwa muuguzi. "Dada, usichoke. Nilikukosea mbele za watu, nisamehe mbele za watu. Nitamwuliza baba swali moja. Naomba usikilize, nami nitakutafsiria alichosema, bila kuongeza chumvi."

Muuguzi alisita, kisha akachukua kalamu yake, akamfuata.

Wais alipiga magoti sakafuni. Hakusema Baba. "Khalifa," alisema, "kuna tanuri nataka ulitazame."

Mzee alifungua macho yaliyozama. "Tanuri gani?"

"Hili." Alinyoosha mkono kuelekea tumbo lake, asiliguse. "Limewashwa Jumatatu jioni. Saa hii likoje?"

Uso wa mzee ulibadilika. Tabasamu la wageni lilimtoka, likaja lile jingine, lisilo na huruma, la mtu aliyeinamia mdomo wa moto kabla ya alfajiri.

"Limepita kiasi," alisema.

"Limepitaje?"

"Jumatatu lilikuwa moto wa kuni mbichi, moshi tu. Jana moto wa mkate, unavumilika. Leo, baada ya sala ya alfajiri, udongo wa ndani umepasuka. Nimesikia. Likatulia kidogo, nikasema limekufa. Halikufa. Moto umetoka kwenye tanuri, umeingia ukutani. Sasa nyumba nzima inaungua."

"Ungeweka mkate humo?"

"Mkate!" Khalifa alikasirika kweli. "Mwendawazimu gani aweke mkate? Hili unatoa watoto dukani, unakimbia!"

Wais alitafsiri neno kwa neno. Sauti yake haikupanda. Muuguzi aliacha kuandika.

"Kitu kimepasuka leo alfajiri? Kabla hamjapiga simu?"

"Kabla hatujapiga simu," Wais alisema.

Muuguzi alimlaza mzee, akaweka kiganja tumboni. Lilikuwa gumu kama ubao wa kukandia unga. Hakuuliza tena namba. Aliita jina la daktari kwa sauti iliyomfanya hata mlinzi ageuke, na watu wenye viatu laini wakaja wakikimbia.

Baada ya hapo kila kitu kilikwenda mbio iliyochelewa siku tatu. Sindano, picha, mirija. Daktari wa upasuaji, mama mrefu mwenye macho mekundu, alisema utumbo umetoboka na sumu imeenea. Akasema neno ambalo Waingereza hulitoa wakiwa wameishiwa na yote: "Hali ni mbaya sana." Anaweza asiamke. Bila kisu, hataamka kabisa.

Walimpa Wais dakika moja kwenye korido. Kitanda kilikuwa na magurudumu, na mtu wa kukisukuma alitazama pembeni kwa heshima. Khalifa alikuwa hana kofia. Alishika mkono wa koti la mwanawe.

"Kile cha miaka minne," alinong'ona.

"Kipi, Baba?"

"Ulikuwa ukinipigia kila Ijumaa. Nikikuuliza hali, unasema nzuri. Ilikuwa ngapi?"

Wais aligeuza uso. "Nzuri, Baba. Tulia sasa."

"Nimewaonyesha wageni tanuri langu. Wewe unanificha lako?"

Magurudumu yalilia kidogo. Wais aliuinamia mkono uliomshika koti.

"Tisa," alisema. "Mwaka wa kwanza wote, tisa. Na siku moja, kwenye daraja la mfereji, ilikuwa kumi. Nilikuwa nimevua viatu. Nikakupigia. Ukaniuliza hali."

"Ukasema nini?"

"Nikasema nzuri. Baridi kidogo."

Machozi yalishuka pembeni mwa macho ya mzee, yakaingia masikioni. "Naikumbuka ile baridi kidogo," alisema. "Nilimgeukia mama yako, nikamwambia, mtoto ana koti kweli?"

"Lazima twende," muuguzi alisema kwa upole.

Khalifa hakuachia koti. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi wawili tumefichana kwa adabu, tumekaribia kuzikana. Niahidi."

Kitanda kilianza kusogea, na Wais akakimbia kando yake, mkono wa baba yake bado umeshika koti lake, mpaka kwenye mlango uliofunguka wenyewe, uliokatazwa watu. Hapo vidole vilibanduliwa kimoja kimoja. Wais alisimama kwenye mstari mwekundu wa sakafuni, na mara ya pili siku hiyo akapaza sauti hospitalini, na safari hii hakuna aliyemzuia.

"Naahidi, Baba! Kila asubuhi utaniuliza, na kila asubuhi nitakupa namba ya kweli. Naahidi! Wewe rudi tu uniulize!"