Sisimizi Wasiouma

Mjomba wangu ana mambo. Tangu aache ushonaji, kazi yake ni kunitumia picha za wadudu, kwa kuwa mimi ndiye ninayewatambua pale makumbusho. Alinilea akitaka niwe daktari, na hajanisamehe.

Safari hii picha ilikuwa ukungu mtupu. Nikamwomba apige kwa ubavu, na aweke kitu pembeni nijue ukubwa. Akaweka kidole gumba cha mguu. Wenzangu ofisini walicheka mpaka basi.

"Wametoka nyuma ya bafu," aliniambia kwenye simu. "Wekundu, wadogo, wapole. Tangu juzi wananitembelea mguuni na hawaumi. Hao ni wapya, mama. Wape jina langu."

Nikazikuza picha kwenye kompyuta. Vifundo viwili kiunoni, kichwa kipana: kila kitu kilielekea kwa sisimizi ninayemjua vizuri, ambaye mwiba wake unachoma kama kaa la moto. Upole tu ndio uliokataa. Nikaanza kuona raha. Pengine mzee kapatia kweli, na mimi nitatoka naye kimasomaso.

Ndipo nikakitazama kidole chenyewe. Sisimizi mmoja alikuwa amekunja tumbo, ncha imezama kwenye ngozi. Vipele vya usaha vilikizunguka kidole chote, na kando ya ukucha palikuwa na kidonda kibichi ambacho mjomba hakuwahi kukitaja. Raha ikaniisha.

Nikampigia. "Mjomba, hebu mwache mmoja apande mkononi."

"Wa nini?"

"Nisaidie tu."

Simu ilianguka, yakafuata matusi ambayo sijawahi kumsikia akiyatoa.

"Kumbe wanauma, washenzi hawa," alisema akihema. "Sasa mbona mguuni wananistahi?"

Jibu nilikuwa nalo, nikaogopa kulitamka. Naye si mtoto. Amechomwa na sindano maisha yake yote, anajua maumivu yalivyo. Nikasikia droo ikifunguliwa, kisha kiti kikilia.

"Mama," alisema, sauti imeshuka. "Nimekidunga kidole sindano ya kushonea. Sisikii kitu."

Machozi yalinitoka palepale mezani.

"Nakuja sasa hivi, tunakwenda hospitali," nilimwambia. "Usivae kiatu. Na mjomba, tafadhali, ichomoe hiyo sindano."

"Ngoja niangalie," akasema, "kama bado imo."