Barua Tisa za Sanduku la 52

Mwaka 1978 gazeti la watu wetu, mashoga na wasagaji wa Philadelphia kama tulivyojiita wenyewe bila haya, lilitengenezwa ghorofani juu ya duka la viatu. Mimi nilibandika ukurasa wa kutafuta wapenzi. Kila tangazo lilikuwa kipande cha karatasi kilichopakwa nta nyuma ili kinate ukurasani, na chini yake kipande kidogo chenye nambari ya sanduku, maana hakuna aliyethubutu kuweka jina. Barua zilikuja kwetu, tukazituma kwa wenyewe ndani ya bahasha zisizo na alama. Niliringa kwamba mkono wangu haukosei, mpaka wenzangu wakachoka kunisikia.

Jumamosi moja asubuhi akaingia mama aliyefunga vifungo vyote vya koti lake.

"Nimekuja kuondoa tangazo langu, sanduku la 52," akasema. "Miezi mitatu sasa, hata barua moja. Basi, nimeelewa."

Tangazo lake nililijua kwa moyo: *Mwanamke, miaka 63. Niliyeishi naye miaka thelathini amefariki. Natafuta mtu wa kuzungumza naye.*

"Haiwezekani, mama," nikasema, nikautoa ukurasa kumwonyesha.

Chini ya maneno yake palikuwa na 68. Nambari yake, 52, ilikuwa chini ya tangazo la msichana mwenye pikipiki. Vipande viwili vya nambari vilibanduka, nami nikavirudisha visivyo, kisha kila toleo jipya nikavihamisha na kosa lilelile. Nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kusingizia posta, na ulimi ulikwisha kuanza, lakini yule mama alikuwa ananitazama kwa upole mno.

"Ni mimi," nikasema. "Nimekukosea, mama."

Aliigusa ile 68 kwa kidole. "Mimi nilikuwa najiambia nimezeeka, nisahau."

Nilimpigia simu mwenye sanduku la 68, Rikki. Kabla ya adhuhuri akapanda ngazi na buti zake, barua tisa kifuani mwa koti la ngozi.

"Mimi naomba msichana wa kuzunguka naye kwa pikipiki, wewe unanitumia mabibi wanaoniuliza kama napenda bustani!" akanifokea. Halafu akamgeukia mama. "Nisamehe, nimezisoma zote. Nilishindwa kuzitupa, zilikuwa nzuri. Na zangu zilikuja kwako?"

"Pole, mwanangu. Haikuja hata moja."

"Hata moja? Mji mzima?"

"Hata moja."

Rikki akaangua kicheko, mama naye akacheka, nikapata kupumua.

"Lakini sikiliza, mama," Rikki akasema, sasa taratibu. "Tatu zimetoka kwa mtu mmoja, Enid, wa Camden, ng'ambo ya mto tu. Katika ya tatu ameandika nambari ya simu, na anaomba radhi kwa kukusumbua."

Mama alizisoma hizo tatu amesimama, moja baada ya nyingine, bila haraka. Alipomaliza akafungua vifungo vya koti, akauliza simu iko wapi. Nilimsogezea, nikajidai napanga visu vyangu vya kukatia karatasi. Rikki hakujidai kitu, alisimama palepale.

"Enid? Mimi ni yule mwenye tangazo uliloliandikia," mama akasema. "La, hukunisumbua. Zimenifikia leo, zote tatu."

Alisikiliza muda mrefu, mkono umeshika meza.

"Hapana," akasema. "Sijala bado."