Suti ya Pazia

Nilizaliwa katika nyumba ambayo hata kifuniko cha redio kilikuwa na marinda. Mama yangu ni fundi cherehani, na wateja wake humwita Mama Nakshi, jina alilolipata kwa jasho lake mwenyewe. Mpelekee kitambaa kitupu, atakurudishia bustani. Atatia lesi shingoni, shanga kifuani, ua begani, na kama kuna mahali pamebaki wazi ataona haya kukuacha uondoke hivyo. Msemo wake ni mmoja: "Nguo isiyo na kitu ni shuka iliyotiwa mikono."

Mimi ndiye binti aliyemharibikia. Tangu nianze kujichagulia nguo, napenda nguo isiyo na kelele. Rangi moja, mkato safi, mstari unaoshuka kutoka begani mpaka chini bila kusimama njiani kupiga soga na vifungo. Kaka yangu, ambaye mdomo wake hauna breki, akanibandika jina la Mtawa, nalo likanata.

Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo anafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, na sare ya kazi ni blauzi ya kijani iliyochapwa meno yanayocheka. Meno mwili mzima. Mengine yameshika mswaki. Niliivaa kwa sababu ndiyo iliyokuwa inanilisha, lakini niliichukia kwa moyo wangu wote, na nasema hivyo bila kumwomba mtu radhi.

Njia ya kurudi nyumbani ilipita mbele ya duka moja la nguo. Maduka mengine ya mtaa ule yalijaza vioo vyao mpaka huoni ndani. Hili liliweka sanamu moja tu, na sanamu lile lilivaa suti iliyoninyima usingizi. Rangi ya mchanga mkavu. Koti lisilo na ukosi, vifungo vimefichwa, suruali pana inayoangukia kiatu kwa utulivu. Ndiyo mitindo ya sasa, kila mwenye nacho alikuwa anavaa hivyo. Bei ilikuwa imeandikwa kwa tarakimu ndogo sana, nadhani hata wao waliona aibu.

Jioni moja nilipiga moyo konde, nikaingia. Muuzaji alikuwa na kope za kubandika ndefu kiasi kwamba zilifika kabla yake. Tumwite Bi Kope.

"Dada, hiyo haishikwi."

"Sijaishika. Naiangalia."

"Unanunua?"

"Macho hayana pazia, dada yangu."

Akanitazama, akaanzia kwenye meno yaliyokuwa kifuani, akashuka mpaka kwenye viatu, akarudi kwenye meno.  Nilitoka nikiwa nachemka, na hapo mlangoni ndipo nilipoliona tangazo: anatafutwa muuzaji wa pili, usaili Jumatatu asubuhi, kila mwombaji aje amevaa nguo zake mwenyewe, zinazofanana na duka.

Yaani ili uuze nguo hizo, kwanza uwe nazo. Ni sawa na kuambiwa uje kuomba maji ukiwa umeshaoga.

Lakini niliitaka kazi ile. Niliitaka mpaka ikaniuma. Nilitaka kushinda mchana kutwa kati ya nguo zile, nimwambie mteja "hii ndiyo yako, ile iache," na asikilize. Tena nilitaka Bi Kope anione.

Nilimkuta mama kwenye cherehani yake sebuleni, pini zimejaa mdomoni. Mama huongea na pini mdomoni tangu kabla sijazaliwa, na sisi watoto tumejifunza kumwelewa.

"Mama, nishonee suti. Rangi moja. Isiyo na kitu."

"Isiyo na kitu gani?"

"Isiyo na kitu chochote."

Akatoa pini zote mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye kijimto chake cha pini. Ukiona hivyo, mambo ni mazito. Nikamweleza habari ya duka, tangazo na Bi Kope. Nilipofika kwenye Bi Kope, alisimama.

"Alikutazama vipi?"

Nikamwonyesha.

"Lete futi," akasema.

Kitambaa sasa. Mfuko wangu haukuweza kununua hata mikono ya suti ile. Mama akafungua sanduku lake, akatoa kitu kilichokunjwa. Hoteli moja ya jirani na stesheni ilipobadilisha mapazia yake iliuza ya zamani, na mama akachukua mawili. Moja alilishonea mashada, akalitundika sebuleni, ndiyo fahari ya nyumba. La pili alilihifadhi, kwa sababu mama hatupi wala hamalizi kitambaa. Lilikuwa la kitani kizito, rangi ya mchanga mkavu. Nililiweka shavuni nikataka kulia.

Kaka akachungulia kutoka jikoni. "Kwa hiyo Jumatatu dirisha linakwenda kuomba kazi."

Mama alikata, akashona, mimi nikiwa kazini. Jumamosi nilirudi nikikimbia. Suti ilikuwa imetundikwa mlangoni. Suruali ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Koti lilikuwa na mawaridi matatu begani, shanga kuzunguka shingo yote, na kwenye mifuko vitu fulani vinavyometameta.

"Nimejizuia sana," mama akasema, na usoni mwake palikuwa na fahari ya kweli.

"Mama, nilisema isiyo na kitu!"

"Kwani hapo kuna kitu gani? Vitu vidogo vidogo tu, vya kumsalimia mtu."

Nikachukua mkasi mdogo, nikaanza kufumua. Shanga zikaanguka sakafuni. Kila iliyotoka iliacha tundu, na kitani hakisahau sindano. Shingo nzima ikabaki na vitundu, hata pasi haikuviondoa. Koti lilikuwa limekwisha. Nikafumua na mawaridi ya begani kwa hasira tu, na chini yake nikakuta mshono umepinda.

"Kumbe haya maua ni ya kufichia mshono," nikasema.

Maji yakimwagika hayazoleki.  Mama aliuangalia ule mshono, kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Nilibaki nimeshika koti lenye matundu. Sikuwa nimesema uongo, na bado nilijisikia vibaya sana.

Jumapili asubuhi niliamshwa na mlio wa pete za chuma. Nilipotoka, mama alikuwa amesimama juu ya kigoda anashusha pazia la sebuleni. Jua lote la mtaa liliingia ndani na kumkuta kaka amelala kwenye kochi kwa fulana iliyotoboka.

"Mama! Watu wananiona!"

"Wakuone. Labda utapata mchumba."

Akalitupa pazia mezani, akaanza kung'oa mashada yake mwenyewe, yale aliyoyashona kwa mkono.

"Umesema ninaficha mshono," akaniambia bila kunitazama. "Mwaka wa ngapi huu nashona, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Kaa hapo. Washa pasi."

Shida ya kwanza ilikuwa rangi. Jua lilikuwa limelifubaza lile pazia, halikulingana tena na suruali. Mama akaligeuza. Upande wa ndani haukuwahi kuliona jua, na rangi yake ilikuwa ileile ya suruali. Basi ndani pakawa nje.

Shida ya pili ilikuwa mama mwenyewe. Alishona bega, akalitazama, akalifumua. Akalishona tena. Akaitukana cherehani, akamtukana aliyeiuza, akalifumua tena. Mimi nilikuwa napiga pasi kila mshono anaonipa, na kidogo kidogo nikaanza kuelewa. Bega likipinda upana wa uzi, ua hulisamehe. Shanga husamehe. Nguo tupu haisamehe hata kidogo. Mama alikuwa anafanya kazi ngumu kuliko yoyote aliyoizoea, na alikuwa anajua kwamba namwona, na mtaa mzima unamwona kupitia dirisha lisilo na kitu.

Jirani mmoja alisimama nje, akaegemea dirisha kabisa. "Mama Nakshi, mbona hujatia ua?"

"Hili halitaki ua," mama akajibu, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Mchana ulipopinduka mabega yalikuwa yamekaa. Yalikaa mpaka mama mwenyewe aliyapapasa mara mbili, akaitikia kwa kichwa, akasema "ehe." Ikabaki bitana ya ndani ya koti. Hapo akainama kwenye sanduku lake, akatoa kipande cha satini ya rangi ya waridi kilichobaki kwenye gauni la mteja wake mnene, satini yenye tausi wa dhahabu waliotandaza mikia.

"Mama, hapana."

"Nje nimekuachia wewe. Ndani ni kwangu."

"Itaonekana."

"Itaonekana ukifungua koti. Usifungue."

Nikatazama mashada yaliyolala sakafuni na dirisha lililo uchi. Nikamshikia satini, naye akashona tausi wake.

Nilipoivaa mbele ya kioo, sikujifanya mnyenyekevu. Nilipendeza. Koti lilishuka moja kwa moja, suruali ikaliitikia, na mimi nilikuwa mtu yule niliyekuwa namwona kichwani kwangu miaka yote. Kaka alifungua mdomo, akaufunga. Nikaihesabu hiyo kuwa sifa.

Jumatatu tulikuwa wanne. Wenzangu walikuwa wamevaa vitu vya pesa, hilo halikuhitaji miwani. Bi Kope alitupanga mstari na hakunitambua. Bila meno kifuani nilikuwa mtu mwingine.

Mwenye duka akatoka nyuma. Mama wa makamo, nywele amezinyoa karibu na ngozi, gauni jeusi, basi. Alituzunguka polepole, kisha akasema, "Kila mmoja atoe kitu kimoja kilichozidi mwilini mwake."

Wa kwanza alifikiri, akavua skafu. Wa pili akavua mkufu. Wa tatu alisitasita, akafungua mkanda wenye jina la kampuni lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko za kibao cha shule. Mwenye duka akawa anaitikia kwa kichwa. Akafika kwangu.

Nilijitazama. Sina hereni, sina saa, sina mkanda. Jibu lilikuwa jepesi na lilikuwa zuri: mimi sina cha kutoa. Nilijua ndilo alilokuwa analitafuta, maana macho yake yalikuwa yameshaanza kucheka. Kazi ilikuwa ulimini mwangu. Nikamkumbuka mama juu ya kigoda, anang'oa mashada.

"Kilichozidi kiko ndani," nikasema, nikafungua koti.

Tausi wakatokea wote, na mikia yao. Bi Kope alicheka kwa sauti.

"Kitoe basi," akasema mwenye duka.

"Hicho sikitoi, mama. Aliyekishona ameshatoa vyote alivyokuwa navyo huku nje. Kama kazi inataka nikitoe, nitarudi kwenye meno."

Habari ya meno hakuielewa, lakini alisogea. Akashika pindo la koti, akalipindua. Akapitisha kidole begani, kwenye mshono, kutoka shingoni mpaka mkononi, akarudia upande wa pili.

"Nani ameshona?"

"Mama yangu."

"Kitambaa mmekitoa wapi?"

"Dirishani kwetu. Ni pazia la sebuleni."

Akanitazama aone kama namtania. Alipoona simtanii, alicheka mpaka akavuta kiti cha wateja akakaa. Bi Kope alikuwa ameacha kucheka.

"Haya," akasema akijifuta macho. "Mteja akikuuliza kwa nini atoe pesa yote hiyo kwa nguo isiyo na kitu, utamjibu nini?"

Wiki iliyotangulia ningemjibu maneno ya kwenye magazeti ya mitindo. "Nitamwambia nguo yenye maua ina pa kujificha. Hii haina. Ikikaa sawa, ni kwa sababu kuna mtu aliifumua mpaka ikakaa."

"Utaanza kesho," akasema. Kisha akamgeukia Bi Kope. "Mwonyeshe anapoweka mkoba wake." Bi Kope akanionyesha. Alinionyesha vizuri sana, na mimi nikamshukuru vizuri zaidi.

Kwa kuwa nyumba yetu haikuwa na pazia, nilimwona mama kabla hajaniona. Alikuwa kwenye cherehani, kitambaa kiko chini ya sindano, lakini mguu haukuwa kwenye kanyagio. Alikuwa anatazama njia tu. Aliponiona usoni hakuuliza. Alisimama, akapiga kelele dirishani, "Amepata! Mwanangu amepata!" Jirani wa jana akatoka na vigelegele bila hata kujua nimepata nini.

Nilipoingia ndani alinishika mabega, akayanyoosha ingawa hayakuwa na haja ya kunyooshwa.

"Walisemaje kuhusu koti?"

"Mwenye duka alishika mshono wa bega, mama. Mabega yote mawili."

"Halafu?"

"Halafu wamewaona tausi."

"Si nilikwambia!" akapiga meza. "Si nilikwambia usifungue! Wamewapenda?"

"Wamewapenda."

"Nilijua tu," akasema, akaketi, akajaza pini mdomoni ili nisiuone mdomo wake unavyotetemeka.

Siku ya mshahara wa kwanza nilimpeleka mama kuchagua pazia jipya, nikamwambia achague analolitaka yeye. Alichagua jekundu, lenye lesi ya dhahabu, na mashada juu na chini. Nililipa bila kubisha, nikapanda juu ya kigoda nikalitundika mwenyewe.