Mstari Mmoja

"Leo waitwa nani?" muuguzi aliniuliza.

Nilikuwa nimeketi mbele yake katika zahanati moja ya Kiembeni, kidole cha pete nimeshakinyoosha juu ya meza kabla hajakiomba. Nikamwambia naitwa Khamis. Hakuandika. Alifungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa kadhaa.

"Februari ulikuwa Chengo. Mwezi wa sita ukawa Masha. Kovu hilo la shavuni ni lile lile, kaka."

Jina langu ni Abdulaziz. Kovu ni la cheche. Nachomelea matela ya malori Changamwe, na kazi hiyo haimwachi mtu bila alama. Siku hiyo nilitamani ardhi inimeze, lakini sikuondoa kidole mezani.

Muuguzi huyo, Selpher, alinipima hata hivyo. Alitoboa, akakamua tone, tukangoja. Ukatokea mstari mmoja. Mstari mmoja ni uzima. Miwili ndiyo ugonjwa. Nilikiinamia kile kipimo mpaka pumzi yangu ikakigusa, nikitafuta japo kivuli cha mstari wa pili.

"Virusi huna," alisema. "Hukuwa navyo Februari, na leo huna. Una maradhi mengine, nayo mimi sina kipimo chake."

Akaniandikia karatasi nikamwone daktari wa akili. Nilikwenda siku moja. Nilipomwona jirani yetu akipita mbele ya benchi, niliinuka nikaondoka, na ile karatasi sijui niliiangusha wapi.

Mambo yalianzia Malaba. Tajiri wangu alinituma mpakani kutengeneza tela lililovunjika, nikakaa siku tisa. Kulikuwa na mama mmoja akituletea chai pale tulipokuwa tukifanya kazi, mcheshi, mwepesi wa jibu. Sitaeleza zaidi ya hapo, ila mpira ulipasuka, naye akacheka, nami nikacheka.

Niliporudi, mke wangu Mwanarehema alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, kama afanyavyo kila nitokapo safari. Tonge la kwanza lilinikwaruza kooni. Pengine ni vumbi la njiani. Mimi nilijua si vumbi.

Baada ya koo ukaja upele wa mkononi. Ukafuata uvimbe wa kwapani, nilioubinya asubuhi na jioni mpaka ukavimba kwa kule kubinywa. Nilipima baada ya wiki sita, nikapima baada ya miezi mitatu, ambapo kila mtaalamu aliniambia basi, imekwisha, nenda nyumbani. Nilipima Likoni, nikapima Bombolulu. Majibu yalikuwa yale yale. Furaha yake ilidumu mpaka nifike barabarani, na hapo swali lingine lilikuwa likinisubiri. Je, kama walibadilisha vipimo vya watu? Je, kama damu yangu mimi ndiyo ile ambayo ugonjwa hujificha ndani yake usionekane?

Nyumbani nilisema mgongo waniuma, nikahamia kwenye mkeka sebuleni. Wembe wangu niliufungia kwenye mkebe. Sikunywa tena kikombe kimoja na mtu. Selpher alishanieleza kwamba hata huo ugonjwa wenyewe hauambukizwi kwa kikombe. Nilimsikia, nikaendelea vile vile.

"Baba Mwanaima," mke wangu aliniambia alasiri moja akikunja nguo, "kama nimekukosea, nambie."

"Hujanikosea."

"Mbona wanikimbia, basi?"

Nikasema ni mgongo.

Binti yetu Mwanaima alikuwa na miaka mitatu. Jumapili moja nilikuwa mlangoni nikifunga kitambaa kwenye kidole nilichokikata kwa bati. Mtoto alikuwa akicheza kwenye ngazi ya nyumba, akaanguka, akapasuka mdomo. Aliinuka na damu kidevuni, akanijia mbio, mikono mbele, akiniita.

Nilirudi nyuma. Sikufikiri. Niliinua mikono yangu juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki, nikarudi nyuma mpaka nikagota ukutani. Mtoto alisimama. Alinitazama, mikono bado imenyooshwa. Mwanasaumu, mpangaji mwenzetu, ndiye aliyemwinua.

Mwanarehema alikuwa dirishani. Aliona yote.

Jioni ile nilimwambia kila kitu. Nilimtolea karatasi za majibu kutoka chini ya mkeka wangu, kumi na moja, akazisoma moja moja akizipanga juu ya paja lake. Hakupiga kelele. Alilia kidogo kwa ajili ya Malaba, akajifuta kwa ncha ya leso. Kesho yake alikwenda kujipima mwenyewe, akarudi na jibu lake, akaliweka juu ya yangu.

"Sote tu wazima," alisema. "Rudi kitandani kwako."

Nilirudi. Mwezi mzima nililala ukingoni, nimejikunja mpaka misuli ikakaza, na kila alfajiri niliamka nikijikagua kabla ya kutawadha. Mwezi ulipokwisha nilikwenda kupima tena. Aliikuta karatasi ya kumi na mbili mfukoni mwa suruali alipokuwa akifua.

Alivumilia mwaka mmoja zaidi. Siku aliyoniomba talaka tuliketi uani, baina yetu sinia la mchele aliokuwa akiuchambua.

"La Malaba nishakusamehe," alisema. "Hili jingine sijui nilisamehe vipi, maana kila siku unalifanya upya."

Nilitaka kumwambia nitaacha. Neno lilifika kwenye ulimi, nami nikajua ni uwongo, na yeye nilikuwa nimeshamdanganya vya kutosha. Nikampa talaka yake.

Sasa yuko Kiembeni, kaolewa na mwalimu, ana mtoto wa pili, mvulana. Namshukuru Mungu kwa hilo, na siku nyingine nashindwa kumshukuru. Mimi nimebaki Changamwe. Karatasi siku hizi sizihesabu.

Mwanaima ana miaka tisa. Huletwa Jumamosi na mjomba wake na kuchukuliwa kabla ya magharibi, ng'ambo ya barabara, kwenye duka la dawa. Ni mtoto mwenye adabu. Hunisalimu shikamoo akiwa amesimama hatua mbili mbali, na hakuna aliyemfundisha umbali huo isipokuwa mimi.

Jumamosi iliyopita malori yalikuwa mengi, yakifuatana kutoka bandarini bila pengo. Tulisimama ukingoni muda mrefu. Kando yetu baba mmoja alimshika mwanawe kifundo cha mkono, wakavuka wakikimbia. Mwanaima aliwatazama mpaka wakafika.

Pengo lilipotokea, nilifungua kiganja changu. Nilikifungua kweli, wallahi. Kikabaki vile, kimening'inia ubavuni mwangu, hakiendi kwake.

Hakukingoja. Alishika upindo wa shati langu, tukavuka.