Zamu ya Hosiana

Mwaka 2020, mvua za masika zilipokolea, wanawake watano wa kitongoji kimoja cha Mkata walikuwa wakipaliliana mahindi kwa zamu, kama ilivyo ada yao. Mwenye shamba hupika, wenzake hulima, naye huwalipa kwa jembe zamu zao zikifika. Mashamba manne yalikwisha kupaliliwa. Lilibaki la Hosiana, mjane wa Kishambaa aliyetoka Lutindi.

Kabla ya zamu yake kufika, binti yake Upendo alirejea kutoka Dar es Salaam, kwa kuwa korona ilikuwa imeifunga hoteli aliyofanyia kazi. Alikuwa akikohoa. Habari hiyo ilienea kabla hajafungua begi lake.

Siku ya zamu Hosiana alipika sufuria kubwa ya makande. Hakuja mtu. Yeye na binti yake waliyala hadi yakachacha. Kikohozi kilikwisha, lakini watu waliendelea kuikwepa njia ya kwao. Magugu yakalingana kimo na mahindi. Hosiana hakuwa na shamba jingine, na usingizi ulimpaa.

Jirani yake Hajira, mama Mhina, mmoja wa wale watano, aliwauzia chakula abiria, na mabasi sasa yalipita yakiwa nusu tupu. Tumaini lake lilikuwa mahindi yake tu. Jioni moja, akiyatazama yalivyonawiri, alikumbuka ni mikono ya nani iliyoyapalilia. Akaona haya.

Alfajiri alifika shambani kwa Hosiana, amejifunga kitambaa puani, jembe begani.

"Simama huko huko, mama Mhina!" Hosiana alipaza sauti. "Hukusikia kwamba nyumba hii ina ugonjwa?"

"Nilisikia, na mimi ni miongoni mwa walioeneza habari hiyo. Nisamehe, dada."

"Basi leo sikupika. Tangu lini Mzigua akalima pasipo chakula?"

"Nimekuja na kiporo changu, Mshambaa mchoyo wee! Anzia huko mgombani, nami nianzie huku. Tutakutana kwa maneno, si kwa mikono."

Hosiana aliucheka utani huo wa makabila yao hata Upendo akatoka ndani kutazama kulikoni.

Jua lilipokwisha kupanda, Justa, mmoja wa wale watano, alipita njiani. Akasimama, akatazama, akarudi kwake. Alipotokea tena, alikuwa na jembe.

Hajira hakuinua uso. Alilima mpaka jua la utosi, zamu aliyodaiwa ikatimia.